Karatasi ya Mwisho ya Kitabu cha Ndoto

Vahida aliorodhesha miswada ya Kiarabu katika maktaba moja ya Sarajevo. Mwezi ule miti ya kando ya mto ilikuwa imechanua, harufu yake ikiingia madirishani kama asali iliyopashwa moto. Mezani pake palikuwa na kitabu cha kufasiri ndoto. Aliandika aina ya karatasi, rangi ya wino, upana wa pambizo. Alipofika mwisho akakuta karatasi moja imekatwa kwa wembe, polepole, kama kwamba mkataji aliogopa kuiumiza.

Akampigia simu Rifat, aliyeipa maktaba kitabu hicho baada ya baba yake kufariki.

"Hiyo muulize mama," Rifat akasema. "Mimi nikiuliza naambiwa nikatafute mke."

Mama yake, Bi Zejna, aliishi juu Vratnik, mtaa wa kilimani. Alimmiminia Vahida kahawa, na alipoulizwa habari za karatasi akaupigapiga mto wa kitandani.

"Imo humu. Mama mkwe aliishonea ndani nilipoolewa, maana nilikuwa nalia silali, nakumbuka kwetu."

"Imeandikwa nini, mama?"

"Nijuaje? Mimi nailalia, siisomi."

Vahida akaomba kufumua mshono, apige picha, kisha ashone tena. Bi Zejna hakukataa.

"Mkasi ule pale. Lakini macho yako mekundu kama ya sungura, mwanangu. Jinyooshe kwanza."

Vahida akalaza kichwa juu ya mto ule kwa adabu tu. Akasikia njiwa juu ya paa, halafu hakuwasikia tena. Mto wa kichwani ukawa mto wa maji, maji meusi ya wino yasiyolowesha. Marehemu baba yake alikaa ukingoni akipasua tunda la plamu, akampa nusu.

Alipoamka, jua lilikuwa limehamia ukutani na shavu lake limelowa.

"Umemwona nani?"

"Baba. Kanipa plamu."

"Ukala?"

"Nikala."

"Vizuri. Marehemu akikupa, ni heri."

Bi Zejna akamsogezea mkasi. Vahida akaushika, akautazama ule mshono muda mrefu, akaurudisha mkasi mezani.

Kesho yake akaandika kwenye orodha ya maktaba: *Karatasi ya mwisho haimo kitabuni. Ipo kwa wenyewe, inatumika.*

Mkuu wake, Bwana Senad, akaweka kidole kwenye neno la mwisho. "Inatumika vipi?"

"Kulalia, bwana."

Bwana Senad akaliacha neno lile, akaomba kitabu kinachofuata.