Nyuki wa Mwenyekiti

Jumamosi alfajiri, treni ya mizigo ikiwa imeshapita Igalula, wanajumuiya walikaa mikekani uani kwa Pelagia, mjane wa Bundala. Mihogo ilikuwa imeiva, vikombe vimepangwa, chai iko jikoni. Mwenyekiti wa jumuiya, Vedasto, mdogo wa marehemu, alisimama, akakohoa kidogo, akasema mjane asijione mpweke, wote wanambeba katika sala. Nyuki watatu wakamtoka mdomoni, wakapita juu ya vichwa vya watu, wakaingia upenuni.

Watu walifunika vikombe.

Nyuki hao walianza siku ya arobaini ya Bundala, Vedasto alipotamka kaburini kwamba mali ya kaka yake ni mali ya shemeji yake. Siku hiyo lilimtoka kundi zima, na malkia wao. Baadaye ikajulikana kuwa ni jambo la kila mtu. Josepha, aliyezoea kumwambia kila mgonjwa "nakuombea" huku akili iko kwenye vitunguu vyake, alitoa wawili watatu kwa wiki. Katekista alitoa pale tu alipoisifia kwaya. Lakini wa Vedasto walikuwa wengi, wanene, na hata akiwatolea Tabora mjini, wote walikuja kukaa darini kwa Pelagia.

Pelagia hakulalamika. Msimu ukifika aliwasha moshi, akalina, akajaza madumu. Asali ilikuwa nyeupe na tamu sana, ila haikai tumboni; nusu saa tu, njaa iko pale pale. Yeye alitaka mizinga yake: thelathini na minane, ya magome, Bundala aliitengeneza kwa mkono wake akaitundika msituni upande wa Kigwa. Matanga hayajaanuliwa, Vedasto akaishusha, akaitundika kwenye miti yake. Kila alipoulizwa alijibu kwa upole, na darini kukazidi kuvuma.

Jumamosi hiyo somo lilikuwa lile la ndiyo kuwa ndiyo na siyo kuwa siyo. Wakati wa kushirikishana neno ulipofika, Pelagia alijifunga khanga vizuri, akasimama.

"Shemeji, nyuki ninao wa kutosha. Mizinga utanirudishia?"

Vedasto alifungua mdomo, akaufunga. Watu wakainua macho tayari kuifuata njia ya nyuki.

"Sirudishi," alisema. "Nimeshaizoea."

Wakangoja. Hakutoka kitu. Mektilda, mkubwa wao kwa umri, alimsogelea, akamchungulia mdomoni kama anayetafuta jino la mtoto, akasema ni peupe. Wakampigia makofi matatu. Mektilda akasema ukweli wa namna ile haujasikika kwenye jumuiya tangu izinduliwe, Mungu ashukuriwe. Sasa limebaki la mjane, asamehe kikristo, chai inapoa.

"Nimekusamehe, shemeji," alisema Pelagia.

Kitu kikamtekenya mdomo wa juu. Nyuki mmoja, mdogo, akatoka, akajipangusa mabawa, akaruka. Pelagia alimfuata kwa macho mpaka alipoingia upenuni, tundu la tatu kutoka mlangoni, ili siku ya kulina asimsahau.

Kisha akamimina chai. Vedasto akaomba aongezewe asali.