Mikono ya Tajiri

Watu wa tamthilia walipoingia kwenye kiwanda chake kidogo cha mikate na taa zao, mwokaji alifurahi hata akasahau kuuliza tajiri wa mchezo wao angefanya nini humo. Na tajiri wa kwenye runinga atafanya nini, jamani, zaidi ya uovu?

Mwigizaji alikuwa na suti na kicheko kizuri, lakini hakujua hata kushika kopo la unga. Basi wakamwomba mwokaji awaazime mikono. Naye, mpenda sifa kidogo, akakunja shati na kumimina mchanga kwenye unga. Mchanga wenyewe ulikuwa sukari ya kahawia. Wakacheka wote, wakaagana vizuri.

Kipindi kiliporushwa, mtaa mzima uliutambua ule mkono wenye kovu la tanuri. Kesho yake mikate ililala rafuni.

"Ule ni mchezo tu, dada," alimwambia mshonaji wa jirani, mteja wake wa miaka yote.

"Najua, kaka. Ila mkono wako mbona ulimimina kama uliozoea?"

Usingezoeaje, mkono wa mtu aliyemimina unga tangu utotoni? Akatoa chekecheo nje, akachekecha unga mbele ya kadamnasi, jasho likimtoka. Watu walitazama kwa adabu.

"Hata yule tajiri alichekecha hadharani," mshonaji akasema taratibu. "Kipindi cha pili, kabla ya hiki cha mchanga."

Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyemchukia. Walimwamkia, wakamuulizia mkewe, kisha wakaenda kununua mikate kwingine. Angetukanwa, angalau angejibu.

Juma lilipokwisha, akampigia simu mtayarishaji, amsihi atangaze ukweli. Mtayarishaji hakumpa nafasi.

"Mzee, umetuletea bahati! Watu wameipenda ile mikono. Tunaitaka tena, na malipo tunaongeza. Safari hii tajiri anawafukuza wafanyakazi."

Mwokaji aliwageukia wakandaji wake wa unga, walioketi juu ya magunia bila kazi. Tangu asubuhi alikuwa akitafuta maneno ya kuwaambia, na kila alilolipata lilikuwa na sauti ya yule wa kwenye runinga. Mmoja wao alimtabasamia, akidhani anaongea na mteja.

"Njooni," akasema kwenye simu. "Wa kufukuzwa mnao, au mtatumia wangu?"