Ndege Yenye Ngozi ya Mabula

Shija alikuwa na kazi ambayo ukimweleza mtu wa Guta, kijijini kwao, atadhani unamfanyia mzaha. Alijifungia chumbani kwake Kamunyonge, mjini Musoma, akizipaka rangi ndege za vita ambazo hazipo, ndege za ndani ya mchezo wa kompyuta. Wachezaji hawapendi ndege inayofanana na ya kila mtu. Wanataka yenye mabaka yake, namba ubavuni, na kutu kidogo kwenye mabawa ionekane imepigana. Shija alikuwa fundi hasa. Akimaliza kuchora aliiweka kazi mtandaoni, na yeyote aliyeitaka aliichukua bure akairusha.

Ila hii ya Mabula aliichora kwa ajili ya mtu mmoja tu, baba yake.

Mzee Mhoja, mfugaji wa huko Guta, Bunda, si mtu wa maneno mengi, lakini ukimgusia ng'ombe hanyamazi mpaka ugali upoe. Tangu Shija ahamie mjini, mazungumzo yao kwenye simu yalikuwa hayo tu: nani kazaa, nani anachechemea. Mabula alikuwa fahali wake kipenzi, na alimuuza ili Shija apate kompyuta ya chuoni. Hakulalamika hata siku moja. Jambo hilo lilimkaa Shija moyoni, akaona njia ya kumrudishia mzee fahali wake ni hiyo anayoiweza: kuipaka ndege rangi zake.

Alimpigia simu mara kwa mara. Baka jeupe la begani lilishukia wapi? Madoa ya ubavuni yalikuwa mekundu au ya kahawia? Mzee alijibu kwa furaha, bila kuuliza ya nini.

Kazi ilipoisha, Shija aliiweka mtandaoni kama zile nyingine, na siku chache baadaye akashuka Guta na kompyuta yake. Waliketi nje ya nyumba, pamoja na jirani yao, Bernado. Ndege ikatokea kwenye kioo, na mzee hakuhitaji kuambiwa.

"Mabula!" alisema, akasogeza kigoda. "Bernado, ona bega hilo. Si ndiye?"

"Ndiye kabisa!"

Laiti Shija angeishia hapo! Lakini sifa zilishampanda kichwani. "Sasa anarushwa dunia nzima, baba," alisema, akafungua video ambayo mchezaji mmoja alikuwa ameiweka. Yeye mwenyewe hakuwa ameitazama mpaka mwisho. Mabula alipaa vizuri juu ya vilima, akageuka, kisha akapigwa. Bawa la kushoto likashika moto, baka jeupe likaungua mbele ya macho yao, ndege ikaanguka.

Bernado alicheka. Mzee hakucheka.

"Huyo aliyekuwa na Mabula ni nani?"

"Simjui, baba. Ni mchezo tu. Watu wanajichukulia."

"Umempa mtu humjui?"

Tangu utotoni Shija alimwona baba yake akiwapa watu ng'ombe wamtunzie, lakini kila mmoja mzee alijua boma lake, na alikwenda kuwatazama.

"Mimi nilimuuza," mzee alisema taratibu, "lakini nilijua yuko wapi. Nilikuwaga naenda kule Kiabakari kumwangalia. Nilikuwaga nasimama pale zizini mpaka aje aninuse mkono. Mpaka alivyokufa."

Njia yote ile mpaka Kiabakari, na Shija hakuwahi kusikia habari hiyo. Hakuwahi hata kuuliza aliyemnunua Mabula ni nani. Aliona aibu, akaifunga kompyuta.

Aliporudi Musoma aliifuta ndege ile mtandaoni, akampigia mzee.

"Baba, nimemtoa."

"Na wale waliokwisha kumchukua?"

Angeweza kudanganya, nani angejua? "Hao siwezi kuwafikia, baba."

"Haya," mzee alisema. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu.

Mpaka leo wanapigiana simu. Mzee humweleza habari za mvua, za pamba, za goti lake linalomsumbua. Shija akiuliza ng'ombe hawajambo, hujibu, "Wapo," kisha humpa mama yake simu.