Tembo Yule, Yule Nani

Baba mkwe wangu alitunga mashairi ya watoto, kitabu kizima, kikapigwa chapa hapa Barishal. Alitaka kitu kimoja tu: kabla uzee haujamziba masikio, amsikie mtoto wa nyumba nyingine akiimba shairi lake.

Ili kitabu kitoke alihitaji wafadhili, basi kila mnyama akampa jina la mzee wa mtaa. Chura akawa wakili Jogesh. Tembo akawa Bwana Tarini, mwenye mashamba:

Tembo Tarini mnene,
akaingia jikoni,
kala wali, kala tena,
mlango uko shingoni.

Bwana Tarini alisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Tembo ni mnyama wa heshima," akasema, akawanunulia wajukuu wote kitabu.

Mwaka ukapita kimya. Baba mkwe akikaa barazani, sikio kalielekeza njiani.

"Mwanangu, watoto wa siku hizi hawana ulimi?"

Wanao. Lakini nyimbo mtoto hufundishwa na mama yake, na kwa desturi sisi wake wa watu hatutaji jina la baba mkwe. Wanaume, wanaotaja jina lolote, hilo halikuwapitia akilini.

Siku moja tulikuwa bwawani tukisugua masufuria.

"Mimi nikifika kwenye tembo nameza mate," akasema Khiroda, mkazamwana wa Tarini.

"Afadhali wewe, shoga. Wangu ni chura," akasema wa wakili.

Nikawaambia, "Si mseme tu, yule nani?"

Mvua zilipokatika, Bwana Tarini alikuja kwetu kutafuna tambuu. Njiani mjukuu wake akapita anaruka:

Tembo yule, yule nani,
akaingia jikoni...

"Unasikia?" akasema Bwana Tarini. "Hizo ndizo nyimbo za bibi zetu. Wewe na kitabu chako, ungejifunza hapo."

Midomo ya baba mkwe ilikuwa inamfuata mtoto, neno kwa neno, mpaka lile la mwisho, "shingoni".

"Kweli, ndugu yangu. Aliyetunga alikuwa fundi."

"Ila tembo gani huyo, mlafi hivyo?"

"Waulize wake wa wanao. Hawatakwambia."

Nilivuta ushungi nikacheka humo humo.

Siku hizi wimbo unaimbwa hadi ng'ambo ya mto. Juzi mwalimu mgeni, msomi wa Kolkata, aliniuliza nani kautunga. Jina silitaji; nikamwonyesha kwa kidole kile kiti chake barazani, kitupu tangu msimu wa baridi.

Akakitazama. "Nilijua," akasema. "Wimbo huu hauna mwenyewe."