Pembe za Bwana Harusi

Mimi sina subira na watu wanaomhukumu mnyama kwa kumchungulia dirishani. Meneja wa bustani yetu ya wanyama ni mmoja wao. Alisimama na kikombe chake cha chai, akasema, "Huyo kazeeka. Wenzake wote wamedondosha pembe, yeye bado ana za mwaka jana. Nampa miezi mitatu. Asipobadilika, achinjwe."

Achinjwe! Bwana Harusi, kulungu wa ng'ambo, wa aina inayobadilisha pembe kila mwaka, niliyemlea kwa chupa kwa mikono yangu! Hasira zilinipanda hadi utosini.

Daktari wa wanyama alimpima, akamwona mzima. Nikabaki na ufagio mkononi, nawaza. Chakula kile kile cha wenzake, maji yale yale.

"Daktari, hawa hujuaje kama msimu umegeuka?"

"Kwa urefu wa mchana, dada. Usiku ukirefuka kisha ukaanza kufupika, pembe kuukuu zinaachia, mpya zinaota."

Nikainua macho. Juu ya zizi lake, lake peke yake, kulikuwa na taa kubwa inayowaka usiku kucha. Na aliyeililia taa hiyo, eti kwa kuogopa wezi wa pembe, nani? Mimi! Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Nikaizima. Nikaziba madirisha ya banda lake kwa magunia. Saa kumi alasiri namfungia, saa mbili asubuhi namfungulia. Mlinzi alicheka hadi akakohoa.

"Mama, unamlaza kulungu kama mtoto mchanga?"

"Cheka tu, baba. Meno ni yako."

Baada ya wiki nane nikaanza kumwongezea mchana, kidogo kidogo, hadi magunia yakatoka yote.

Zikiwa zimebaki siku tano, akajikuna kwenye nguzo. Ko! Pembe moja chini. Nikakimbia nayo ofisini.

"Moja si mbili," meneja akasema.

Nilimtazama, nikameza tusi. Kesho yake nikamwekea ya pili juu ya meza, akaigeuzageuza.

Siku ya mwisho alikuja mwenyewe zizini. Pale zilipokuwa pembe, vilikuwa vimechomoza vinundu viwili laini, vyenye manyoya.

"Gusa," nikamwambia.

Akagusa. "Vina joto!"

"Vina uhai, bosi."

Akatoa mfukoni karatasi ya amri ya kuchinja aliyokwisha kuiandika, akaichana. Nikapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio na rungu.