Roketi Iliyolala Mlangoni kwa Nta

Alfajiri ya Jumanne, Nta alipofungua mlango wa chumba chake bwenini ili akaoge, aliikuta roketi imelala kwenye kizulia. Aliiruka, akaenda kuoga, akarudi, akaitia begani kuirudisha karakana.

"Imekuja tena?" mlinzi aliuliza akimfungulia geti.

"Imekuja."

"Nimeiona ikipita saa kumi na moja. Nimeiandika kitabuni."

Ilikuwa roketi ya mseto: gesi ndani ya tangi, na chini yake fueli ngumu, gogo la nta lenye tundu katikati. Wanafunzi sita walishughulikia tangi, mabomba na nyaya. Wa saba alimimina gogo, ndiyo maana wakamwita Nta. Mashine ya kuzungushia kalibu, chombo ambamo nta hugandia, ilikufa muhula uliopita, basi aliizungusha kalibu kwa mkono saa tano mfululizo, akiimba kwa sauti ya chini, kama alivyofundishwa na bibi yake mtengeneza mishumaa. Usiache mpaka kalibu iwe na joto la shavu la mtoto aliyelala. Magogo yake hayakupasuka hata moja.

Siku ya kupaka rangi, nahodha wa timu aliandika majina ubavuni mwa roketi. Yalikuwa sita. Profesa alisema kumimina nta si uhandisi. Nta akasema haina neno, akaenda kuosha sufuria. Neno lilikuwepo. Tangu siku hiyo roketi ikawa inatoka karakana kila alfajiri. Walibadilisha kufuli mara mbili, kisha wakachoka.

Orodha ya walioruhusiwa kwenda kwenye mashindano nayo ilikuwa na majina sita, kwa hiyo siku ya mashindano Nta alikuwa kwa bibi yake, akikata tambi za mishumaa. Saa nne simu ikalia.

"Haiwaki," nahodha alisema. "Tumekagua kila kitu. Hebu iambie."

"Iwekee simu karibu."

Nta aliimba kidogo, wimbo ule ule wa kalibu. "Haya, nenda mama," akasema. "Usiogope." Upande wa pili kukasikika mngurumo, halafu watu wakishangilia.

Saa sita roketi ilishuka taratibu na mwavuli wake, ikakaa juu ya kamba ya nguo uani. Bibi aliiondoa pamoja na mashuka.

"Ndiyo hii? Mbona imekonda?"

"Nta imeisha, bibi."

Ujumbe wa profesa ukaingia: wameshinda, hongera kwa wote sita, na gogo jipya linahitajika Ijumaa. Nta alimsomea bibi kwa sauti, akajibu kwamba litakuwa tayari.

Bibi alivaa miwani, akaipakata roketi, akaanza kusoma ubavuni. Aliizungusha polepole mpaka mwisho.

"Lako liko wapi?"

"Halipo, bibi."

Bibi akaizungusha tena, tangu mwanzo.