Gari la Mjukuu

...eti hili haliuzi kwa mtoto, ndivyo alivyosema Clifford, kalishika kwa vidole viwili kama yai, gari dogo la manjano la kuvuta magari mabovu, miaka sitini nalo bado lina rangi ya kiwandani, ndoano inaning'inia kwenye uzi wake, na mimi nimesimama mbele ya meza yake katika ukumbi huu wa kanisa hapa Barnsley, kwenye soko la kila mwezi la vigari vya zamani vya kuchezea, chai inapoa mkononi, umeyataka mwenyewe Lorna, nani alikutuma kuzua mjukuu, siku ile ya kwanza aliniuliza namnunulia nani, nikatazama huku na huku, wanaume tu, kila mmoja anageuza kigari chali, hawasalimiani, nikaona haya, nikasema mjukuu, Toby, miaka sita, jina lilitoka wapi sijui, mimi sina hata mtoto, na tangu hapo kila mwezi Clifford anamuulizia na Toby anazidi kukua, kang'oka jino, kaanza kuogelea, mwezi wa saba nilikosa la kusema nikampa surua, Clifford masikini akamtumia chokoleti, niliila kwenye basi kabla hatujafika kituo cha pili... sasa anasema, "Mama, huyo Toby atalibamiza ukutani hili, mchukulie la plastiki," plastiki, mimi, niliyejifunza kwa machozi, maana gari langu la kwanza liling'aa mno nikajiona nimeokota dhahabu, kumbe limepakwa rangi juzi, ribiti za chini, vile vifungo vya bati, zimetobolewa ili lifunguliwe, Clifford ndiye aliyenionyesha, leo natazama tumbo kwanza, na ribiti za hili ni nzima, nimeziona, ningeweza kucheka kwa sauti... Keith kaka yangu alikuwa nalo kama hili, kazi yangu mimi ilikuwa kuwa gari bovu, nalala kwenye zulia ananitia ndoano kwenye soksi, nikiomba zamu yangu ya kuzungusha kile kipini cha kuvuta uzi wa ndoano anasema wasichana wataharibu, na mama jikoni anasema mwachie kaka yako, nikamwachia, nikaachia na mengine mengi baada ya hapo, kwa adabu kabisa... jamaa mwenye koti la kijani nyuma yangu anauliza kama mimi silitaki, mkono tayari ameunyoosha, Clifford ananitazama, anangoja, ningeweza kumhamishia Toby Australia, ningeweza kumkuza ghafla awe na miaka ishirini, mwongo mkubwa wewe, na mwanamke wa miaka sitini na nane anamwogopa nani hasa, hawa wenye vipara ambao nao wamekuja kutafuta vigari vyao vya utotoni, hakuna, simwogopi mtu, loo, kumbe ni rahisi hivi, naweka kikombe mezani, mkono wa yule jamaa bado uko hewani na gari bado limo vidoleni mwa Clifford, nami nasikia sauti yangu ikisema bila kutetemeka, "Clifford, hakuna Toby. Gari nalitaka mimi, na nitalichezea."